Miguu Yenye Vidole

Ukivaa kiatu cha kushonewa, ujue kuna mguu wa mti uliokivaa kabla yako. Fundi hawezi kupigilia misumari mguuni mwako, ungemkimbia. Anachukua kalibu, yaani mguu uliochongwa kwa mti, anaivuta ngozi juu yake, anaipigilia, anaiacha hapo ikauke mpaka ilizoee umbo, na ndipo soli inapofuata. Mateso yote ni ya ule mguu wa mti. Wewe unaitwa siku ya mwisho tu, kuulizwa kama kinabana.

Fundi ninayetaka kukusimulia habari zake aliitwa Gundi mtaani kwao, kwa sababu harufu ya gundi ilifika mahali kabla yake. Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango ulikatwa katikati: nusu ya chini ilifungwa ili kuku wasiingie, nusu ya juu ikabaki wazi kwa wateja kuegemea na kupiga soga. Ndani palikuwa na cherehani nzito ya kukanyaga, meza iliyoliwa na visu, rafu za ngozi, na ukutani, kuanzia usawa wa kichwa mpaka darini, miguu ya mti ikining'inia kwa kamba, jozi kwa jozi, kama vile kuna watu waliojificha darini wakasahau kuivuta miguu yao.

Sura za watu zilimpita Gundi, lakini mguu alioushika hakuusahau. Akisalimiwa njiani huinamisha kichwa kwanza, na mgeni akadhani ana adabu nyingi, kumbe anatazama viatu. "Aa, wewe ni yule wa kulia kuzidi kushoto. Hujambo wewe?" Mkewe alizoea kuwaambia majirani, "Siku nikipotea msimuulize sura yangu. Atawaeleza kisigino changu, mkatafute."

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, pamoja na chumba, cherehani na miguu. Baba yake hakuwa mtu wa hapo. Alifika kijana, gunia begani, na watu waliomsaidia kulitua walishangaa kuona ndani hamna nguo wala sufuria, ila miguu ya mti. Alitoka wapi, hakusema. Watoto wake walipomuuliza alijibu, "Kwetu," kana kwamba ndilo jina la mji. Wakizidi, "Mbali." Wakizidi tena aliweka misumari mdomoni, kama wafanyavyo mafundi viatu ili mikono iwe huru, na mtu mwenye misumari mdomoni huwezi kumdai maelezo.

Gundi alikua akijiambia kwamba atakuja kumuuliza vizuri, siku akiwa mkubwa wa kutosha na mzee akiwa hana haraka. Siku zilikuwapo nyingi tu. Jioni walifunga kazi pamoja, wakanawa mikono kwenye ndoo moja, wakazungumzia ngozi iliyooza na mteja msumbufu. Kisha asubuhi moja mzee aliinama kuokota uzi na hakuinuka. Na Gundi, katika matanga, watu wakimuuliza ndugu wa marehemu wajulishwe wapi, alitazama viatu vyao tu.

Sasa ile miguu ya kwenye gunia haikuchanganywa na mingine. Ilikaa kwenye msumari wake, pembeni ya dirisha. Mti wake ulikuwa mweusi kuliko mingine, na ilitofautiana kwa jambo jingine moja. Kalibu ya kawaida ni butu mbele, laini, haina vidole. Vidole vya nini ndani ya kiatu kilichofunikwa? Lakini hii ilichorwa vidole vyote, hadi kucha, kwa ncha ya kisu. Mzee hakuishonea mteja hata mara moja. Aliishusha mara chache, akaipangusa, akaipaka mafuta, akaitundika. Mwanawe akinyoosha mkono alisikia neno moja: "Iache."

Aliiacha mpaka mzee alipofariki. Baada ya hapo ikaja kazi kubwa, viatu vyeusi vya wauguzi wa hospitali nzima. Gundi alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameoa, jina la baba bado linamzidi mabegani. Miguu ya kike haikumtosha. Akatazama pembeni ya dirisha. Mti mkavu, mzito, hauna ufa. Tatizo ni vile vidole tu, kwamba michoro yake ingeacha alama kwenye ngozi. Akachukua tupa. Likavila vidole, likala na chochote kilichozidi kipimo, akamalizia kwa msasa mpaka ikang'aa kama yai. Mkewe alifagia unga wa mti akaupeleka jikoni, ukawashia moto.

Vilikuwa viatu vizuri sana. Wauguzi walivivaa miaka. Na tangu hapo ile miguu myeusi ikawa ya kazi kama mingine: mteja mwembamba akija inapunguzwa, mnene akija inabandikwa kipande cha ngozi juu, kisha kipande kinatolewa, kisha inapunguzwa tena. Mmoja tu ulisalimika, wa mtoto mdogo, kwa sababu hakuna anayemshonea mtoto wa umri ule kiatu cha ngozi. Binti yao aliufunga kitambaa akaufanya mwanasesere, akaulaza, akauamsha, akaugombeza, na alipokua ukarudi msumarini na vidole vyake vyote.

Huo ndio aliouona Honi.

Honi alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na aliitwa hivyo kwa sababu alizungumza na aliye mbele yake kana kwamba yuko ng'ambo ya barabara. Siku hiyo alikuja na sandali iliyokatika, akaegemea nusu ya mlango, akaanza hadithi ya askari na gurudumu, na katikati ya hadithi akanyoosha kidole ukutani.

"Gundi, ule mguu wa mtoto umeupata wapi?"

"Wa marehemu mzee."

"Vidole alichora yeye?"

"Ulikuja navyo. Unataka kuununua? Hauwezi kukusaidia, mguu wako ni dubwana."

Honi hakucheka, na hilo peke yake lilikuwa habari. Alisema huko anakokwenda, ukishavuka mipaka miwili, kuna mji ambao lori lake hupenda kuharibikia, na katika mji huo kuna uchochoro wa mafundi viatu. Huko ameiona miguu ya namna ile. "Nikamuuliza mzee mmoja, hivi vidole vya kazi gani? Akaniambia, usio na vidole ni wa mteja. Wenye vidole ni wa nyumbani. Fundi akichonga mguu wa mama yake, wa dada yake, anauchora vidole ili usije ukaingia kwenye kazi. Haushonewi mtu mwingine huo, Gundi. Unatundikwa. Ni kama umemweka mwenyewe pale."

Gundi aliendelea kupiga nyundo. Msumari ukapinda. Akaung'oa, akachukua mwingine, nao ukapinda. Honi akapiga picha ule mguu mdogo kwa simu yake, akasema atamwonyesha yule mzee wa uchochoroni, akavaa sandali yake ambayo haijakamilika, akaenda zake.

Mwezi ule haukuisha. Simu ililia Gundi akiwa na mikono ya gundi, mkewe akamshikia sikioni.

"Ndiye mwana wa mtu wa gunia?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, kavu, yenye haraka.

"Ndiye. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye mwenye mguu. Huo mdogo, ni wangu. Mimi ni shangazi yako. Mbona sisikii shikamoo?"

Gundi, mwenye wajukuu, alisimama wima kama mwanafunzi. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwana wa kaka. Kaka aliondoka na miguu yetu yote, unajua? Ndiyo maana hakuna aliyeweza kumfuata."

Akacheka kicheko kirefu, Gundi naye akacheka, na katikati ya kicheko akajikuta anatafuta kitu cha kufutia uso, asikione ila aproni yenye gundi. Mkewe akamfuta kwa upindo wa gauni, simu bado imeshikiliwa sikioni.

Mambo aliyokuwa akiyasubiri maisha yake yote yakaja katika simu moja, haraka haraka, salio lisije likaisha. Baba yake alikuwa kifungua mimba na shangazi kitinda mimba. Kabla ya kuondoka alichonga miguu ya watu wote wa nyumbani, akaahidi kwamba huko aendako ngozi ni nzuri, atawashonea na kuwaletea. Haukupita muda mama yao akafa. Mtu akatumwa kumtafuta kijana na kumpa habari. Yule mtu alirudi akasema amempata, amemwambia, na kijana amesikiliza hadi mwisho na hakutoa hata misumari mdomoni. Tangu hapo, kimya.

"Tulimchukia," shangazi alisema. "Sasa nimezeeka, chuki inachosha. Haya, nikuulize kilichonifanya nipige. Mguu wa mama upo?"

Gundi alitazama ukutani. "Miguu ipo mingi hapa, shangazi."

"Wa mama utaujua tu. Kidole cha pili kimelizidi dole gumba, na pembeni ya dole gumba kuna kifundo, kama kokwa imefichwa chini ya ngozi. Upo?"

Angeweza kusema wakati ule. Mdomo wake ulikuwa mtupu, hauna msumari hata mmoja.

"Upo," alisema.

"Basi nakuja kuushika."

Simu ilipokatika mkewe hakuondoka mahali pale. Alikuwa amesikia kila kitu. Ndiye aliyeshika simu. "Mpigie sasa hivi," alisema. "Mwambie angali mbali. Akishakaa hapa mbele yako na uzee wake utashindwa."

"Nitampigia."

"Lini?"

"Ngoja kwanza nitafute upi ulikuwa wa bibi. Nisije nikamwambia haupo kumbe upo."

Ndivyo tunavyojiambia. Aliishusha miguu yote myeusi akaipanga mezani. Ya kiume aliitenga. Ya kike ilibaki, ipo iliyokuwa ya bibi na ipo iliyokuwa ya wanawake wengine wa nyumba ile, yote mbele imelingana, laini, butu, imewatumikia wauguzi na walimu na bibi harusi. Aliishika mmoja mmoja akafumba macho. Na hapa ndipo jambo lilipomuuma. Aliikumbuka asubuhi aliyochukua tupa. Aliikumbuka redio ya jirani, na mkewe mwenye mimba akilalamika vumbi. Aliwakumbuka wauguzi, mmoja mmoja, kwa miguu yao: mwenye unyayo bapa, mwenye kidole kidogo kilichopanda juu ya mwenzake, yule aliyesimama sana mpaka vifundo vya miguu vikajaa maji. Lakini kile tupa lake lilichokila asubuhi ile, hakukiona. Palikuwa na kidole kirefu? Palikuwa na kokwa? Alikuwa akitazama kipimo cha muuguzi kilichochorwa kwenye kadibodi, hakuwa akitazama mguu.

Honi aliporudi kutoka safari aliegemea mlangoni, akasikia shida, akaona ni ndogo. "Wewe si ndiyo kazi yako? Mguu ukipungua unaongeza ngozi. Bi mkubwa kakwambia mwenyewe kimezidi wapi. Ongeza."

"Honi, usimtie ujinga," mkewe Gundi alisema kutoka ndani.

"Mama, huyu bibi anapanda basi siku mbili na mgongo wake. Unataka afike aonyeshwe kigogo?"

Gundi aliwaacha wabishane. Lakini alichagua mguu mmoja, wa kisigino chembamba, kwa sababu tu alipenda bibi yake awe na kisigino chembamba. Akabandika ngozi nene pembeni ya dole gumba, tabaka juu ya tabaka, akaisugua mpaka ikawa kokwa. Akaongeza mbele, akakirefusha kidole cha pili. Akachora vidole kwa ncha ya kisu, na kucha, akitazama ule mguu wa mtoto ili aige mkono wa baba yake. Akapaka dawa ya viatu nyeusi, akasugua, akapaka mafuta, akasugua tena. Ulikuwa mguu mzuri. Kama ungekuwa kazi ya mteja angejisifu.

Shangazi alishuka kwenye basi akiwa mfupi, mpana, mwepesi, mkoba wake kaung'ang'ania asipokewe. Alimtazama Gundi juu mpaka chini. "Masikio ya baba yetu haya," alisema. "Pole." Njia nzima kuelekea nyumbani alitembea mbele, ingawa hakuijua njia.

Hakutaka kula kwanza. Aliingia moja kwa moja kwenye chumba cha kazi, akaketi kwenye kiti cha wateja, akapewa mguu wa mtoto. Aliugeuzageuza, akakutanisha unyayo wake na ule wa mti, akacheka. "Wangu ninao, tena unauma. Miguu ya baba hii, mipana kama beleshi. Nipe wa mama."

Gundi akampa.

Aliuweka mapajani. Akafumba macho. Kidole chake kikapanda taratibu, kikafika kwenye kokwa, kikaizunguka, kikaenda kwenye kidole cha pili, kikakifuata mpaka ncha. Kuku walikwaruza mlango. Mke wa Gundi alikuwa amesimama na bilauri ya maji mkononi, hakuileta.

"Basi hakunidanganya," shangazi alisema.

"Nani, shangazi?" Gundi aliuliza.

"Jirani yetu, mfua nguo." Alifungua macho. "Mwana wa kaka, mimi mama yangu simkumbuki. Hata kidogo. Nilikuwa wa kubebwa. Picha hakuna, baba alioa tena na maswali hakuyapenda, dada zangu walikufa na mambo yao. Aliyewahi kuniambia kitu ni huyo mfua nguo. Alisema, mama yako alikuwa na kidole hivi na kifundo hivi. Lakini yule mama alikuwa mwongo, mtaa mzima unajua. Aliwahi kutuambia amepanda ndege. Nimeishi na kidole hicho mpaka uzee huu, sijui kama nina mama au nina maneno ya mfua nguo. Ndiyo maana nikasema, nitamuuliza yule mtoto wa kaka. Kama upo mguu wa namna hiyo, basi ni kweli." Akaupiga ule mguu kikofi kidogo, kama unavyompiga mtoto mgongoni. "Nawe ukaniambia upo."

Sasa mtazame Gundi. Alikuwa amedhani anamrudishia mtu kitu kilichopotea. Kumbe shangazi alikuja kuuliza swali, naye amemjibu kwa kumrudishia maneno yake mwenyewe yaliyopakwa dawa ya viatu. Mkewe aliweka bilauri mezani, akaenda jikoni, na vyombo vikasikika vikioshwa ambavyo vilishaoshwa.

Shangazi alikaa nao siku kadhaa, na kila siku mama yake alizidi kukua. Kutokana na kile kifundo alijua mama hakupenda viatu vya kufunika. Kutokana na kisigino chembamba alijua alikuwa mwepesi, pengine alicheza ngoma akiwa msichana. Aliyeegemea mlango wa chumba cha kazi alisimuliwa. Mwenye duka la vyuma alisimuliwa mara mbili. "Alitembea akitupa mguu nje kidogo, hivi," shangazi alisema, akainuka kuwaonyesha, na watu wazima waliokuja kuchukua viatu wakajikuta wanatazama mwendo wa mwanamke aliyekufa zamani. Usiku hakulala mbali na ule mguu. Mchana alimwambia Gundi habari za baba yake, kama alivyozisikia nyumbani: alivyokuwa kijana, mkaidi, mwenye mikono mizuri, alivyoiba asali, alivyombeba yeye shingoni. Kila alichokitaka Gundi maisha yake yote kilikuwa kikimwagwa hapo kwenye sakafu ya chumba cha kazi, naye alikisikia nusu. Mara nyingi alisafisha koo. Mara nyingi mteja alifika. Na mteja asipofika, aliweka misumari mdomoni.

Siku moja kabla ya safari shangazi aliuzungushia mguu kitambaa, akaufunga fundo. "Nikifika nyumbani nampelekea yule mzee wa uchochoroni," alisema. "Achonge mingine kama huu, sawasawa, kifundo na kila kitu. Nina watoto sita. Kila mmoja atundike wa kwake. Wajukuu wakiuliza tumetoka kwa nani, waonyeshwe."

Gundi alitema misumari kiganjani.

"Shangazi, usifanye hivyo."

"Kwa nini? Mchongaji ni mwaminifu."

"Fungua hicho kitambaa."

Alimwambia akiwa amesimama, akitazama miguu yake ndani ya kandambili. Alimwambia habari ya wauguzi, ya tupa, ya msasa, ya unga wa mti uliowashia moto, na kwamba hakujua maana ya vidole. Alimwambia kwamba hana hakika hata kama ule ni wa bibi au wa mwanamke mwingine wa nyumba ile. Kwamba kokwa ile ni ngozi ya soli. Maneno yalikuwa machache kuliko alivyoogopa, na yalipokwisha hapakuwa na mengine.

Shangazi hakupandisha sauti. Alifungua fundo, akauweka mguu mezani. "Vua ulichokivisha," alisema.

Gundi akachukua kisu. Alikuwa amebandika kwa uhodari, ngozi haikutaka kutoka. Ilitoka kwa vipande, ikilia. Kokwa ikatoka. Kidole cha pili kikatoka. Akapangusa. Ukabaki mti mweusi, butu mbele, na mabaka ya gundi.

Shangazi aliupitisha mkono. "Hapa ulipunguza?"

"Ndiyo."

"Na hapa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Kisigino?"

"Kisigino sikugusa. Huwa hatukigusi sana."

Akaweka kiganja pale kisiginoni, akakiacha kwa muda, kisha akakiondoa, kama mtu aliyeshika sufuria akidhani ina moto kumbe imepoa. "Kisigino ni kisigino," alisema. "Kila mtu anacho." Akasogeza kiti karibu na meza. "Mkeo ananiambia huusahau mguu. Kwamba yupo muuguzi uliyemshonea kabla watoto wako hawajazaliwa, ukikutana naye leo unamtajia kidole chake. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi kumbuka huu. Ulikuwa mikononi mwako. Wewe ndiye mtu wa mwisho duniani aliyeuona. Hapa mbele palikuwa na nini?"

Gundi alifumba macho. Alijaribu kweli, nakwambia, jasho lilimtoka. Redio ikaja, vumbi likaja, kadibodi ikaja. Alipofumbua macho shangazi bado alikuwa akimtazama, na tumaini lilikuwa usoni pake, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama, kwa sababu uongo angeupata tena kirahisi. Angesema neno moja, "Kirefu."

"Sijui, shangazi," alisema. "Sikuutazama."

Shangazi aliitikia kwa kichwa. Akakunja kitambaa chake kikawa kidogo, kikawa kidogo zaidi, akakitia mkobani. Mguu hakuuchukua.

Kesho yake walimsindikiza kituoni. Aliwaaga vizuri, hakumnyima mtu mkono. Alimkumbatia mke wa Gundi akamwita mkwe wangu, akamwambia alipika vizuri. Alipofika kwa Gundi alimrekebisha kola ya shati, kwa sababu ilikuwa imekaa vibaya.

"Haya, fundi," alisema. "Kazi njema."

Simu hazikukatika, la, shangazi hakuwa mtu wa hivyo. Hupiga. Hupiga kwa mkewe, wanazungumza magonjwa, bei, mvua. Habari za kuolewa kwa mjukuu walizipata, na za yule mzee wa uchochoroni kufariki. Gundi akisikia simu inalia ndani huacha nyundo, akaja kusimama mlangoni na aproni yake, akisubiri kama mteja.

"Huyu hapa amekuja," mkewe husema. "Msalimie." Na humshikia simu sikioni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, fundi. Hamjambo? Kazi zinakwenda?"

"Zinakwenda, shangazi."

"Haya. Nipe mkwe wangu."

Juzi, simu ilipokwisha, alibaki amesimama. Akamuuliza mkewe, "Ameniitaje?"

"Si umesikia mwenyewe," mkewe alisema, akarudi kwenye maharage aliyokuwa akichambua.